Sorry, apologise, regret, pardon, excuse me: lipi useme, kwa nani na wakati gani?

#1 Mkalimani wa Arusha

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza cha kazini kwa vijana wanaoingia kwenye utalii: watu wa mapokezi, waongoza watalii, madereva, wahudumu wa kambi. Nikiulizwa ni neno gani la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi ana uhakika nalo tangu shule ya msingi na bado linamwangusha kazini, jibu langu ni "sorry". Tunalitwisha mizigo yote ambayo Kiswahili kimeigawa kati ya pole, samahani, naomba radhi, nisamehe, naomba kupita na unasemaje. Mwingereza naye analitwisha mizigo mingi, lakini si ileile yetu.

Mgeni ametua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, saa sita usiku, macho mekundu. Kijana anampokea kwa moyo mweupe: "Sorry for the journey." Kwetu hiyo ni pole na safari, heshima tupu. Anachosikia mgeni ni mwenyeji anayeomba radhi kwa kosa fulani, na papo hapo anaanza kuwaza: begi langu limepotea? Gari limeharibika? Kesho yake kijana huyohuyo anampita mgeni akiandika kwenye kompyuta, anamwambia "Sorry for work". Hapo mgeni haelewi kabisa, maana Kiingereza hakina pole na kazi. Mwenye lugha yake akitaka kukuonyesha kwamba ameuona uchovu wako anapita njia nyingine: "You must be tired", "How was your flight?", "I hope the drive wasn't too long". Kazini atasema "You've had a long day", na kama ni bosi atashukuru, "Thanks for all your hard work".

Kwa nini basi neno hilohilo linafaa kwenye msiba, ambako nako tunasema pole? Asili yake inasaidia. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", kutokana na "sar", yaani maumivu, neno lililotuachia "sore" ya leo. Anayesema "I'm sorry" anasema ninaumia. Anaweza kuumia kwa sababu amekukosea, na anaweza kuumia kwa sababu umefikwa na jambo zito. Safari ya kawaida na kazi ya kila siku havimuumizi mtu kiasi hicho, ndiyo maana neno linakataa kukaa hapo. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni hii: kama hakuna kosa langu na hakuna balaa lililokupata, "sorry" haina kazi.

Sasa sarufi kidogo, kwa sababu hapa ndipo mitihani na barua za kazi zinapochafuka. "Sorry" ni kivumishi. Husemi "I sorry" wala "he sorries". Lazima "I am sorry", "she was sorry". Baada yake kuna viunganishi vyake. "Sorry about" hufuatwa na kitu au tukio: "sorry about the noise", "sorry about yesterday". "Sorry for" hupenda kitendo chako: "sorry for being late", "sorry for shouting". "Sorry to" hufuatwa na kitenzi, mara nyingi kwa jambo unalolifanya sasa hivi au ulilolisikia: "sorry to bother you", "sorry to keep you waiting", "sorry to hear that". Na mtego mkubwa kuliko yote: "sorry for" ikifuatwa na mtu. "I feel sorry for him" ni namwonea huruma. Ukimwambia mtu uso kwa uso "I feel sorry for you", mara nyingi anasikia dharau, kama vile umemwambia masikini wewe. Wengi wetu tunaitumia tukikusudia pole sana. Ikwepeni.

Ndugu zake ni hawa. "Apologise" ni kitenzi, na maana yake ni moja tu: kuomba radhi kwa kosa. Huwezi ku-apologise kwa msiba wa mtu isipokuwa wewe ndiye uliyeusababisha. Mtu hutanguliwa na "to", kosa hutanguliwa na "for": "I apologise to you for the delay". Nomino yake ni "apology", na kwenye barua utaikuta kwa wingi, "my apologies". "Regret" ni kusikitika au kujuta, rasmi na baridi. Yeyote aliyewahi kuomba kazi au udhamini anaijua ile "We regret to inform you". Angalieni pia kwamba "I regret to say" ni nasikitika kukuambia, na "I regret saying" ni najuta kusema. "Excuse me" huenda mbele ya usumbufu, unapotaka kupita, kumwita mhudumu, kuinuka mezani. "Pardon" iko kati, na "I beg your pardon" ina sura tatu kulingana na sauti: rudia tafadhali, niwie radhi, na ile ya mtu aliyetukanwa anayeuliza umesemaje wewe. "Forgive me" ni nisamehe ya ndani, ya watu wanaojuana au ya mbele ya Mungu. Vijana wa Marekani wana "my bad", ya kosa dogo mchezoni au kati ya marafiki. Usimwandikie nayo meneja.

Leteni mifano yenu ya kazini tuichambue.

#2 Bint wa Pangani

Ticha, shikamoo. Nipo mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mgeni alilalamika kwa barua pepe kwamba usiku hakupata maji ya moto. Nikamjibu hivi:

"Dear Sir, sorry for disturbance. We feel sorry for you. Sorry if you were not happy. The fundi is coming."

Alikuja mapokezi amenuna kuliko mwanzo. Nisaidie, niliandika kwa nia njema kabisa.

#3 Mkalimani wa Arusha

Marahaba mdogo wangu. Nia inaonekana, tatizo ni maneno. Twende mstari kwa mstari.

"Disturbance" ni kelele, fujo, kuvurugwa kwa utulivu. Maji ya moto kukosekana hakuitwi hivyo. Neno la hoteli ni "inconvenience", usumbufu. "We feel sorry for you" nimeshaieleza, amesoma kwamba mnamwonea huruma. Lakini lililomnunisha zaidi, kwa mawazo yangu, ni ile "if". "Sorry if you were not happy" inasema: kama kweli hukufurahi, basi samahani. Yeye ameshakwambia hakufurahi. Ukitia "if" unamrudishia shaka, kana kwamba huenda anasingizia. Waingereza na Wamarekani wanalijua sana hili. Mwanasiasa akisema "I'm sorry if anyone was offended", kesho yake magazeti yanaandika kwamba hajaomba radhi.

Mimi ningeandika:

"Dear Mr …, I apologise for the lack of hot water in your room last night. The heater was repaired this morning and I have checked it myself. I am sorry that this spoiled the start of your stay."

Ona kazi ya kila neno. "Apologise" inabeba kosa la hoteli, na kosa limetajwa kwa jina lake. Kisha kimeelezwa kilichofanyika, na kimefanyika tayari. Mwisho ndipo inakuja "sorry", yenye joto la mtu kwa mtu, ikigusa kilichomuuma yeye. Maneno mawili, kila moja na nafasi yake. Watu wengi wanamaliza na "sorry for any inconvenience caused". Si kosa la lugha, ila wageni wameisoma mno kwenye matangazo ya treni na benki hadi hawaisikii tena.

"Fundi" mwandikie "technician" au "plumber", maana mgeni hajui fundi ni nani.

#4 Nesi wa Leeds

Mada nzuri sana. Niongeze ya huku Uingereza, maana nimekuja na "sorry" yangu ya nyumbani nikakuta ina matumizi mengine kabisa.

Huku inasemwa kutwa nzima. Anayetaka kupita kwenye korido: "Sorry, can I just squeeze past?" Anayeuliza kiti: "Sorry, is anyone sitting here?" Ukimkanyaga Mwingereza kwenye basi, yeye aliyekanyagwa ndiye anasema "sorry" kwanza. Hapo haombi radhi ya chochote, analainisha tu mambo kati ya watu wasiojuana. Wamarekani ninaofanya nao kazi, mahali hapo husema "excuse me".

Lakini pole yetu ya mtu kujikwaa inawashangaza. Mwenzangu alimwagikiwa chai ya moto mkononi, nikasema "Oh, sorry, sorry!" kama tunavyosema wote kwetu. Akanijibu "Why? It's not your fault". Alikuwa ananituliza, hakuwa na ubaya. Sasa nasema "Oh no, are you all right?" Ndiyo pole ya huku. Nimesikia wenzangu kutoka Naijeria na Ghana wakisema wamekutana na jambo hilihili, kwa hiyo si letu peke yetu.

Kwa mgonjwa ni tofauti, "sorry" inarudi kwenye maana ya kuumia naye. "I'm sorry you're in so much pain." "I'm so sorry to hear that." Mtu akikueleza kwamba mumewe amefariki, sema "I'm so sorry" na unyamaze, inatosha. Ugua pole ni "Get well soon" au "I hope you feel better soon". Ile "Quick recovery" yetu inaeleweka, ila inasikika kama imekatwa katikati.

Jambo moja la kazini ambalo naliheshimu. Tangu 2014 hospitali za Uingereza zina wajibu wa kisheria wa kusema wazi: mgonjwa akidhurika kutokana na matibabu kwa kiwango kilichotajwa kwenye kanuni, lazima aelezwe ukweli na aombwe radhi. Tulifundishwa namna ya kusema. "I'm sorry that this happened to you" inafaa. "I'm sorry you feel that way" haifai kabisa, maana hapo unasikitikia hisia za mgonjwa huku kilichomdhuru ukikipita pembeni.

#5 Mzee wa Kisauni

Mwalimu, hongera kwa darsa. Sisi wa pwani tuna utajiri ambao watoto wa siku hizi wanauacha. Aliyefiwa huambiwa makiwa. Anayeombwa radhi huambiwa kumradhi, au niwie radhi. Mgonjwa huambiwa ugua pole. Aliyetoka kazini huambiwa pole na kazi, naye hujibu nishapoa. Kijana wa leo kote humo atakwambia "sorry". Halafu akiingia kwenye Kiingereza anashindwa kupambanua, kwa kuwa hata kwenye Kiswahili ameshaacha kupambanua.

Lakini nataka kulisemea hilo neno "regret", kwa sababu sisi Kenya tunalo na historia nalo. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisimama bungeni kwao akazungumzia mateso ya wakati wa Mau Mau. Walikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 pamoja na gharama zao. Alisema serikali ya Uingereza inatambua kwamba Wakenya waliteswa, na kwamba "sincerely regrets that these abuses took place". Lipime sentensi hilo. "Took place", mateso yalitokea. Nani aliyatenda, kitenzi hakisemi. Na katika hotuba hiyohiyo alieleza kwamba bado wanakana dhima kisheria.

Miaka 10 baadaye, Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles alikuja Nairobi. Watetezi wa haki walikuwa wametaka aombe radhi wazi. Alisema makosa ya zamani ni chanzo cha "the greatest sorrow and the deepest regret", na kwamba hapakuwa na udhuru. Maneno mazito, sikatai. Lakini "sorrow" ni huzuni, "regret" ni masikitiko. "I apologise" haikutoka. Wazee waliofungiwa kwenye kambi za kizuizini wakati wa Mau Mau, wengi hawakusoma Kiingereza, na tofauti hiyo waliielewa vizuri sana.

#6 Mngoni Halisi

Mzee wetu wa Kisauni, shikamoo. Umenigusa, mimi ni wa Songea. Siku moja tu baada ya hotuba hiyo ya Nairobi, Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa kwetu, kwenye Makumbusho ya Maji Maji. Alikutana na ukoo wa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Yeye alitumia neno lenyewe: aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu. Vita vya Maji Maji vilidumu toka 1905 hadi 1907 na makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, yanafika hadi watu 300,000.

Madai ya kurudishiwa fuvu la chifu na ya fidia bado yapo, sisemi neno limemaliza. Nasema tu kwamba katika siku mbili, wakuu wawili wa nchi walisimama katika nchi mbili za jirani, mmoja akasikitika na mwingine akaomba msamaha, na kwetu tulisikia tofauti. Aliyeomba msamaha anakubali kwamba aliyekosewa ana haki ya kujibu ndiyo au hapana. Aliyesikitika hakumwachia mtu nafasi ya kujibu lolote.

#7 Mkalimani wa Arusha

Mzee wangu wa Kisauni, shikamoo. Na wewe Mngoni, asante sana. Mmelifikisha mahali ambapo nilitaka lifike.

Australia nao walilipitia hili, na kwao mzozo wote ulizunguka neno "sorry" lenyewe. Kwa miongo mingi serikali iliwachukua watoto wa Waaborijini kutoka kwa wazazi wao. Ripoti ya uchunguzi iliwekwa mezani bungeni Mei 26, 1997, na toka mwaka uliofuata tarehe hiyo inaadhimishwa kama Sorry Day. Waziri Mkuu John Howard mwaka 1999 alipitisha bungeni tamko la "deep and sincere regret". Watu wakamwambia hilo si neno tulilokuomba. Akakataa kwenda mbele zaidi kwa kipindi chake chote. Kevin Rudd alipoingia, Februari 13, 2008, alisimama na kusema "we apologise" na "we say sorry", akarudia mara kadhaa. Watu walilia bungeni na kwenye viwanja vya miji waliposikia silabi mbili hizo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, hapa pana funzo kuhusu visawe. Kamusi ya visawe itakuwekea "sorry", "regretful", "apologetic", "remorseful" kwenye mstari mmoja kama vile unaweza kuchukua lolote. Huwezi. "Regretful" anasikitika jambo limetokea. "Apologetic" ana sura na sauti ya mtu anayeomba radhi. "Remorseful" anajuta kwa dhamiri kumsumbua, ndilo neno la mahakamani, hakimu anaangalia kama mshitakiwa ana "remorse" kabla ya kutoa adhabu. Na Kiswahili cha ofisini tunafanya yaleyale: "uongozi unasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu umejitokeza wenyewe, kama mvua.

#8 Mwanasheria Mtarajiwa

Mkuu, swali la kisheria. Tunaambiwa ukigonga gari usiseme "sorry" kwa sababu umekiri kosa. Ni kweli?

#9 Mkalimani wa Arusha

Mimi si mwanasheria, nitakujibu upande wa lugha na wa sheria chache ninazozijua vizuri.

Shaka hiyo inatokana na maana mbili za neno. Dereva anayeshuka na kusema "I'm so sorry, are you hurt?" anaweza kuwa anaumia na aliyeumia. Wakili wa upande wa pili anaweza kusema amekiri. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa ziliandika sheria za kulilinda neno. Uingereza, sheria yao ya fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Jimbo la Ontario kule Kanada lilipitisha sheria ya kuomba radhi mwaka 2009, na British Columbia ilitangulia mwaka 2006. Kwa Tanzania, waulize waliobobea kwenye sheria ya ushahidi.

Ukitaka sentensi salama ya Kiingereza pale barabarani, tumia zile za nesi wetu: "Are you all right? Let me call for help." Utu umeonekana na hakuna neno la kubishaniwa.

Kisa kikubwa zaidi cha maana hizi mbili ni cha Aprili 1, 2001. Ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipotea. Ndege ya Marekani ilitua Hainan bila kibali na wafanyakazi wake 24 wakazuiliwa. China ilidai Marekani iombe radhi rasmi. Marekani ilisema haina kosa. Mambo yalikwama kwa siku 11 hadi balozi wa Marekani alipokabidhi barua yenye "very sorry" mara mbili: moja kwa ajili ya watu wa China na familia ya rubani, nyingine kwa ndege kuingia na kutua bila kibali cha maneno. Neno "apologise" halimo. Washington wakasema tumetoa pole. Beijing wakalitafsiri kwa maneno ya Kichina yaliyo karibu na kuomba radhi, wakasema tumeombwa radhi. Wafanyakazi wakaachiwa. Wale walioandika barua walilijua neno hili kwa undani wake wote.

#10 Lori la Tunduma

Wakuu mimi sina elimu ya hivyo, naendesha lori Dar, Lusaka, hadi Lubumbashi. Shida yangu ni simu. Wakala wa mzigo ananipigia, Kiingereza chake kinakimbia, mtandao unakatika. Nikisema "What?" anakasirika. Nikisema "Sorry" anadhani nimefanya kosa, anaanza kuuliza mzigo una nini. Niseme nini?

#11 Mkalimani wa Arusha

Kaka, swali lako ni la maana kuliko mengi ya darasani.

"Sorry" ya kuuliza lazima sauti ipande mwishoni: "Sorry?" Ukiishusha inakuwa ya kuomba radhi, ndiyo maana wakala anashtuka. Kwenye simu mbovu sauti haisikiki kama imepanda au imeshuka, kwa hiyo usiitegemee. Sema sentensi nzima: "I can't hear you well, please say it again." Au "Please repeat the number slowly." "Come again?" inatumika sana kwetu na Zambia, wakala ataielewa. "Pardon?" nayo ni sawa, fupi na ya adabu. Kule Uingereza kuna watu wa tabaka la juu ambao toka zamani walikuwa wakiidharau "pardon" na kusema "what?" bila wasiwasi, lakini hayo ni mambo ya kwao ya kutambuana, wewe shika "pardon". Na ukitaka kuhakikisha, mrudishie alichosema: "You said gate four, yes?" Hiyo inazuia makosa ya mzigo kuliko neno lolote la adabu.

#12 Bint wa Pangani

Ticha, vipi "sorry state"? Mgeni mwingine aliandika kwamba njia ya kushuka baharini iko "in a sorry state". Nilidhani anaomba radhi.

#13 Mkalimani wa Arusha

Hapana mdogo wangu, hapo analalamika. "Sorry" ikikaa mbele ya nomino inabadilika kabisa, inakuwa hali ya kusikitisha, mbovu, duni: "a sorry state", "a sorry sight", "a sorry excuse". Hiyo njia ni mbovu, mwambieni meneja ifagiliwe na ngazi zitengenezwe. Na "better safe than sorry" utaisikia kwa wageni wakivaa jaketi za kuokolea kwenye boti. Ni tahadhari kabla ya hatari. Hapo "sorry" ni kujuta.

#14 Lori la Tunduma

Nashukuru sana kaka. Nina moja la mwisho, samahani kwa kuwachosha. Mzungu aliyekuwa bosi wangu mgodini amefiwa na mkewe, yuko kwao Uingereza. Mama yule alitutendea wema sana, mtoto wangu alipougua alitupeleka hospitali kwa gari lake. Nataka kumwandikia ujumbe wa Kiingereza wa pole na msiba. Nisije nikamwandikia kitu cha ovyo.

#15 Nesi wa Leeds

Kaka, pole sana. Usiandike "sorry for the death", na usiandike "RIP" peke yake. Huku wanaandika "I am so sorry for your loss". Ile "Please accept my condolences" ni sahihi, ila ni ya kiofisi, na wewe ulikuwa karibu na familia. Mtaje mama kwa jina lake, hilo wanalithamini mno, maana watu wengi huogopa kulitaja.

#16 Mkalimani wa Arusha

Naunga mkono. Na hicho kisa cha hospitali ndicho ujumbe wenyewe, usikiache. Nakuandikia, weka majina mahali pake:

"Dear …, I was very sorry to hear that … has died. When my child was ill, she drove us to hospital in her own car. My family has never forgotten it. We are thinking of you and praying for you."

"Very sorry to hear" ndiyo pole yenyewe. "Drove us in her own car" inamkumbusha mkewe alivyokuwa. Kama unajua hapendi mambo ya dini, ondoa "and praying for you", iliyobaki inasimama. Usiongeze "kazi ya Mungu haina makosa" kwa Kiingereza. Kwetu inafariji, kwao inaweza kumuumiza mtu mwenye jeraha bichi.

#17 Lori la Tunduma

Nimeituma. Nimeibakiza ile ya kuomba, maana mama alikuwa mtu wa kanisani kila Jumapili. Mungu awabariki wote.

#18 Mkalimani wa Arusha

Amina kaka. Akijibu na ukakuta neno usilolielewa, lilete hapahapa.

Kesho jioni nitaanza na barua za kazi: lini "regret", lini "unfortunately", na kwa nini "I am afraid" kwenye barua ya Mwingereza haina woga wowote ndani yake. Wenye barua walizojibiwa na waajiri, futeni majina kisha mziweke hapa tuzisome pamoja.